Watoto Waliotolewa na Mto: Miungu ya Mito katika Majina ya Wagiriki na Wamisri wa Kale

Katika Ugiriki ya kale mtu alikuwa na jina moja tu, ambalo mara nyingi liliundwa kwa kuunganisha maneno mawili, na si ajabu neno mojawapo likawa jina la mungu. Wataalamu huyaita majina ya namna hii majina ya kiteofori, yaani majina yaliyombeba mungu ndani yake, na mfano unaojulikana zaidi ni ule wa mwanahistoria Herodotos, ambaye jina lake lina maana ya "aliyetolewa na Hera". Isidori, jina wanalobatizwa nalo Wakatoliki wa Tanzania na Kenya hadi leo, ni la mtindo huohuo, kwa kuwa asili yake ni Isidoros, "zawadi ya Isis", na Isis alikuwa mungu wa kike wa Misri ambaye ibada yake ilienea katika miji ya Kigiriki. Miungu mikubwa kama Zeus, Apollo, Dionysos na Demeter ndiyo iliyotawala majina hayo, lakini anayepekua orodha zilizochongwa kwenye mawe hukutana pia na akina Kephisodotos, Asopodoros, Strymodoros na Maiandrios, na kila mmoja wao amebeba mto.

Jambo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu miungu ya mito haikuwa na mahekalu makubwa ya marumaru, wala haikuongoza majeshi au kuamua mambo ya baraza la mji. Mungu wa mto aliishi palepale mto ulipopita, akapata madhabahu ndogo ukingoni na sadaka za watu wa jirani. Ikiwa mungu mdogo kiasi hicho aliingia katika majina ya watu wengi namna hiyo, sababu haiwezi kutafutwa katika ibada za serikali, bali nyumbani, katika saa ambayo wazazi walimtazama mtoto mchanga na kujiuliza ni nani aliyewasaidia kumpata na ni nani atakayewasaidia kumkuza.

Wagiriki wenyewe walilieleza jambo hilo mapema. Mshairi Hesiodos, katika utenzi wake juu ya nasaba ya miungu uitwao Theogonia, anasema kwamba mito ni wana wa Okeanos, maji makuu yanayoizunguka dunia, na mkewe Tethys, na kwamba idadi yao ni 3,000, ingawa yeye anataja 25 tu, na wa kwanza kabisa katika orodha yake ni Naili. Mara baada ya mito anawataja dada zao, mabinti wa Okeanos, ambao pamoja na Apollo na mito hiyo wamepewa kazi ya kuwalea vijana hadi wawe watu wazima. Katika fikra za Kigiriki, basi, mto ulikuwa mlezi, na maji yaliyootesha shayiri ndiyo yaliyomkuza mtoto wa kiume hadi akaota ndevu.

Ndiyo maana kijana alipofikia utu uzima alikata nywele zake na kuutolea mto wa kwao kama malipo ya malezi. Katika Iliadi, utenzi wa vita vya Troya, Peleus alikuwa ameuwekea nadhiri mto Spercheios wa Thessalia kwamba mwanawe Akhileus akirudi salama kutoka vitani atautolea nywele zake pamoja na kondoo dume 50, lakini Akhileus, akijua kwamba hatarudi tena nyumbani, anazikata nywele hizo mbele ya maiti ya rafiki yake Patroklos na kuziweka mikononi mwake. Nguvu ya tukio hilo imo katika deni lisilolipwa: nywele zilizokuwa mali ya mto wa nyumbani zinateketea pamoja na maiti katika nchi ya ugenini. Orestes naye, katika tamthilia ya Aiskhylos, anaporejea Argos anaweka kishungi kimoja cha nywele kwa ajili ya mto Inakhos uliomlea, na kingine kwa ajili ya maombolezo ya baba yake.

Iliadi hiyohiyo inaonyesha jinsi jina la mto lilivyomfikia mtoto. Yupo kijana wa Troya aitwaye Simoeisios, ambaye mama yake alimzaa kwenye kingo za mto Simoeis alipokuwa akiteremka mlimani pamoja na wazazi wake waliokwenda kuangalia kondoo, naye anauawa na Aias hata kabla hajawalipa wazazi wake malezi. Mtoto wa Hektor watu wa mjini walimwita Astyanaks, "bwana wa mji", lakini baba yake alimwita Skamandrios, kwa jina la mto mkubwa wa uwanda wa Troya. Umma ulimpa mtoto jina la cheo, na baba akampa jina la mto. Karne kadhaa baadaye, baba wa mshairi Sappho wa kisiwa cha Lesbos, kilicho karibu na pwani hiyohiyo, aliitwa Skamandronymos, yaani mwenye jina la Skamandros.

Ushahidi ulio karibu zaidi na maisha ya watu wa kawaida umetoka Athene. Mwaka 1908, huko Neo Faliro, karibu na mahali ambapo mto Kephisos humwagika baharini, lilipatikana jiwe la marumaru lililochongwa mnamo mwaka 400 K.K. kwa agizo la mwanamke aitwaye Xenokrateia, nalo sasa limo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Athene. Maandishi yake yanaeleza kwamba Xenokrateia ndiye aliyeanzisha mahali patakatifu pa Kephisos, kwamba alitoa zawadi hiyo kwa mungu huyo na kwa miungu wengine wanaoshiriki madhabahu yake kwa ajili ya mafundisho au malezi, na kwamba yeyote apendaye anaruhusiwa kutoa sadaka hapo. Anajitambulisha kama binti na mama wa Xeniades, maana mwanawe alipewa jina la babu mzaa mama. Katika mchoro, mama anaonekana mdogo kando ya miungu waliojipanga, na mbele yake mtoto mdogo zaidi anamwinulia mmoja wa miungu hao mkono, kana kwamba anakabidhiwa.

Ni vigumu kupata picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi kwa nini mtu aliitwa Kephisodotos. Inagusa pia kuona kwamba mwenye kuanzisha ibada hiyo alikuwa mwanamke, katika mji ambao sheria yake haikumpa mwanamke sauti barazani, na kwamba alifanya hivyo kwa jina lake mwenyewe kama mama. Mahali hapohapo limepatikana jiwe jingine, na mtu aliyeandikwa kuwa alisimika madhabahu hapo aliitwa, kwa hakika, Kephisodotos, mwana wa Demogenes. Yawezekana wazazi wake waliwahi kuuomba mto mtoto, wakapata, na mtoto alipokua akarudi kushukuru. Kephisos wa leo umefunikwa kwa sehemu kubwa na barabara kuu ya magari ipitayo magharibi ya jiji la Athene, na maelfu ya watu huvuka juu yake kila siku bila kuuona.

Hata hivyo jina si ungamo la imani, na wanaochunguza majina wanalazimika kukumbuka hilo wakati wote. Wagiriki walikuwa na desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, hivyo jina lililoanza na nadhiri liliweza kuendelea kwa vizazi vingi kama urithi wa ukoo tu. Mchongaji sanamu Kephisodotos wa Athene, maarufu kwa sanamu ya mungu wa kike wa Amani akiwa amembeba mtoto Utajiri mkononi, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa Praksiteles, mchongaji mkubwa zaidi wa karne ya 4 K.K., na mwana wa Praksiteles, mchongaji pia, akaitwa Kephisodotos tena.

Wala jina la mto wa Athene halikuwa cheti cha uraia wa Athene. Mwaka 415 K.K. raia na wageni kadhaa walishtakiwa kwa kuvunja sanamu za mungu Hermes na kukejeli ibada za siri, na mali zao zikapigwa mnada na serikali, ambayo ilichonga bei za vitu vyote kwenye mawe. Miongoni mwao alikuwamo Kephisodoros, mgeni mkaazi wa bandari ya Piraeus, ambaye watumwa wake 16 wameorodheshwa mmoja baada ya mwingine: mwanamke Mtharakia kwa drakma 165, Mshamu kwa drakma 301, mtoto mdogo wa Kikaria kwa drakma 72. Watu hao wametajwa kwa kabila na bei tu. Wao pia walizaliwa kando ya mito fulani, na bila shaka waliitwa na wazazi wao kwa majina yenye maana, lakini jiwe limehifadhi jina la bwana wao peke yake, "zawadi ya Kephisos".

Nje ya Attika, wilaya ya Athene, desturi ilikuwa ileile, ila mto ulibadilika. Boeotia, jirani wa kaskazini, palikuwa na Asopos na Ismenos: Asopodoros wa Thebe aliongoza wapanda farasi katika vita vya Plataia mwaka 479 K.K., Asopikhos wa Orkhomenos alitungiwa wimbo wa ushindi na mshairi Pindaros, na Ismenodora ni mjane tajiri wa Thespiai ambaye, katika kitabu cha Plutarkhos juu ya mapenzi, anamteka kijana anayetaka kuolewa naye. Wengine hawakutaja mto fulani bali waliitwa Potamon au Potamodoros, kutokana na neno la kawaida la Kigiriki lenye maana ya mto. Strymodoros, jina ambalo Aristophanes aliwapa wazee katika vichekesho vyake, linatokana na Strymon, mto wa Tharakia ulio mbali sana na Athene, ambako Waathene walitafuta dhahabu na mbao za merikebu na ambako mwaka 437 K.K. walianzisha koloni la Amphipolis. Jina kama hilo linaweza kufichua mambo ya ukoo ambayo hakuna mwanahistoria aliyeyaandika, kama vile safari, biashara au ndoa ya mbali.

Ili kuyafuatilia majina hayo kwa uhakika, mwaka 1972 mtaalamu Peter Fraser alianzisha huko Oxford kazi ya kukusanya majina yote ya Kigiriki yanayojulikana, kutoka kwenye mawe, sarafu, mafunjo na vitabu, na juzuu ya kwanza ikatoka mwaka 1987. Kazi hiyo imewezesha kupanga majina kwa maeneo, na hapo ndipo miungu ya mito inapojitokeza wazi, kwa sababu jina la mto huelekea kusongamana karibu na mto wenyewe na kupungua kadiri mtu anavyosogea mbali nao.

Mfano unaovutia kuliko yote ni wa Maiandros, mto wa magharibi ya Uturuki ya leo, uliojulikana tangu kale kwa mikunjo yake isiyokwisha. Mwandishi wa Polykrates, mtawala wa kisiwa cha Samos katika karne ya 6 K.K., aliitwa Maiandrios, na hapo hakuna shaka. Lakini katika eneo hilohilo la Ionia kuna majina mengi yenye kipande "mandro" ndani yake, kama Mandrokles, mhandisi wa Samos aliyemjengea Dario wa Uajemi daraja la mashua juu ya mlango wa bahari wa Bosporos, na Anaksimandros wa Mileto, mwanafalsafa aliyesemekana kuwa wa kwanza kuchora ramani ya dunia. Kwa muda mrefu wataalamu waliyaeleza majina hayo kwa kumtaja mungu wa Anatolia aitwaye Mandros, hadi mwaka 2006 mwanahistoria Peter Thonemann alipotoa hoja kwamba mungu huyo ni mto Maiandros mwenyewe, jina likiwa limefupishwa. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa kuwa majina haya yanajazana katika miji iliyokuwa kando ya mto huo na karibu na mlango wake.

Jina lililompa Thonemann kichwa cha makala yake ni Neilomandros, jina la kale la Kiionia ambalo, kwa maelezo hayo, limebeba mito miwili kwa mpigo, Naili na Maiandros. Historia inaeleza jinsi mito hiyo ilivyoweza kukutana ndani ya mtu mmoja. Katika karne ya 7 na ya 6 K.K. Waionia walikwenda Misri kama askari wa kukodiwa na wafanyabiashara, na Farao Amasis akawapa Wagiriki mji wa Naukratis katika delta ya Naili, ambako watu wa Mileto walikuwa na hekalu lao la Apollo na watu wa Samos la Hera. Plutarkhos anapotunga mazungumzo ya wenye hekima saba, mjumbe anayemleta kutoka kwa Amasis ni mtu wa Naukratis aitwaye Neiloksenos, "rafiki mgeni wa Naili".

Wamisri wenyewe waliuita mto wao kwa neno lililomaanisha mto tu, na mungu wao hakuwa mto bali mafuriko yake, aliyeitwa Hapi. Kila mwaka, kati ya Juni na Septemba, mvua za nyanda za juu za Ethiopia ziliufurisha Naili na kuacha matope meusi yenye rutuba mashambani, wakati maji ya Ziwa Nyanza, yanayotokea Jinja, yaliufanya usikauke wakati wa kiangazi. Hapi alichorwa kama mwanamume mnene mwenye matiti yaliyolegea na mimea ya mtoni kichwani, ishara ya shibe kwa wote. Hapaswi kuchanganywa na Apis, fahali mtakatifu wa Memphis, wala na Hapi mwingine, mmoja wa wana wanne wa Horus wanaolinda viungo vya maiti, ingawa majina yao yanakaribiana mno.

Mtu mashuhuri zaidi mwenye jina la Hapi ni Djefaihapi, gavana wa Asyut katika karne ya 20 K.K., na jina lake lina maana ya "chakula changu ni Hapi". Ukutani mwa kaburi lake mna mikataba 10 aliyofunga na makuhani ili baada ya kufa kwake waendelee kumtolea mikate, bia na tambi za taa katika siku kuu zilizotajwa. Mtu aliyeitwa kwa jina la chakula cha mto alihangaika hadi mwisho kuhakikisha kwamba hatakosa chakula hata kaburini. Sanamu nzuri ya mkewe Sennuwy, iliyochimbuliwa mbali kusini huko Kerma nchini Sudan, imo katika makumbusho ya sanaa ya Boston.

Hata hivyo Wamisri walipendelea zaidi kuwapa watoto majina ya miungu waliokaa ndani ya mto kuliko la mto wenyewe. Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume aliyelinda maporomoko ya kwanza karibu na Aswan na aliyefinyanga watu kwa udongo, amebebwa na mfalme ambaye kaburi lake linajulikana na dunia nzima, kwa kuwa Khufu, mjenzi wa piramidi kubwa ya Giza, ni ufupisho wa Khnum-Khufu, "Khnum ananilinda". Majina yote mawili, refu na fupi, yamepakwa rangi na vikundi vya wajenzi kwenye vyumba vilivyofungwa juu ya chumba cha mfalme. Sobek, mungu mamba, alimpa jina malkia Sobekneferu, aliyetawala kama farao mwishoni mwa nasaba ya 12, na baada yake wafalme kadhaa walioitwa Sobekhotep, "Sobek ameridhika".

Wamisri nao walikuwa na jina la zawadi, lililoanza kwa neno lenye maana ya "yule aliyetolewa na", na msomaji wa Biblia amekwisha kulisikia bila kujua, kwa sababu Potifera, kuhani wa Oni na mkwe wa Yusufu, ni "aliyetolewa na Ra", mungu jua. Kwa mtindo huo mtoto wa Sobek aliitwa Petesoukhos, na jina hilo lilikuwa la kawaida sana Fayum, bonde la ziwa na mifereji ambako mamba waliabudiwa, wakafugwa na kuzikwa kwa heshima. Mmoja wao alikuwa na mwana aitwaye Menkhes, karani wa kijiji cha Kerkeosiris mnamo mwaka 120 hadi 110 K.K., ambaye mbele ya serikali ya Kigiriki alijulikana pia kama Asklepiades. Karatasi zake za mafunjo, zenye hesabu za mashamba, kodi na malalamiko ya wakulima, zilipotupwa zilinunuliwa kama takataka na kutumiwa kufunga na kujaza maiti za mamba. Mwaka 1900, huko Tebtunis, mfanyakazi wa Bernard Grenfell na Arthur Hunt, wataalamu waliokuwa wakichimbua mafunjo, alimvunja mamba mmoja kwa hasira, kwa kuwa alikuwa akitafuta majeneza ya watu, na karatasi zikamwagika. Ofisi nzima ya mwana wa "aliyetolewa na mamba" ilikuwa imehifadhiwa kwa miaka 2,000 ndani ya mamba.

Mto ulitoa watoto, lakini pia uliwachukua watu. Herodotos anasimulia kwamba Misri mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, akiuawa na mamba au akizama mtoni, mji ambako maiti yake imepatikana ulipaswa kumzika kwa fahari zote, na hata ndugu zake hawakuruhusiwa kumgusa isipokuwa makuhani wa Naili, kwa sababu alikuwa amekuwa zaidi ya mwanadamu. Katika enzi ya Augusto hekalu dogo lilijengwa Dendur, nchini Nubia, kwa heshima ya Isis na ndugu wawili, Pedesi na Pihor, wana wa mkuu mmoja wa huko, ambao inadhaniwa walizama na hivyo wakahesabiwa miongoni mwa miungu. Pedesi maana yake ni "aliyetolewa na Isis". Bwawa la Aswan lilipotishia kulizamisha hekalu lenyewe, lilibomolewa jiwe kwa jiwe, Misri ikaizawadia Marekani, na tangu mwaka 1978 limesimama New York, katika Makumbusho ya Metropolitan.

Chini ya Warumi, Wamisri waliotumia Kigiriki walizidi kuwaita watoto wao Neilos tu, au Neilammon, kwa kumuunganisha Naili na Ammon, na Ukristo ulipoingia majina hayo hayakutupwa. Mwanahistoria wa Kanisa Sozomenos anamtaja mtawa Neilammon, wa karibu na Pelusium, ambaye mwanzoni mwa karne ya 5 alikataa kufanywa askofu na akafa akiwa katika sala, bila mtu yeyote kuona aibu kwamba jina lake lilikuwa na miungu wawili ndani yake. Mtakatifu Neilos wa Ankyra aliandika juu ya maisha ya utawa katika karne hiyohiyo, Nilo wa Rossano akaanzisha monasteri ya Kigiriki ya Grottaferrata karibu na Roma, ambayo ipo hadi leo, na Nil wa Sora, aliyezaliwa mwaka 1433, akaliishi jina la mafuriko ya Misri katika misitu ya kaskazini ya Urusi.